Namba ya mafuta haisemi yote

Wengi wetu tunaamini kuwa mafuta yakiwa kidogo katika damu, basi moyo uko salama. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoifuatilia historia ya dawa za baridi yabisi.

Sisemi maumivu ya viungo vilivyosagika kwa uzee. Nasema ule ugonjwa ambao kinga ya mwili, kama mlinzi aliyemgeukia mwenye nyumba, huvishambulia viungo mpaka vidole vikavimba na kupinda. Ugonjwa huu hudhuru hata mishipa ya moyo. Na hapa pana kitendawili: uvimbe ukipamba moto, lehemu katika damu mara nyingi hushuka, ilhali hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka.

Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross mjini London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwatibu wagonjwa kwa infliximab, kingamwili ya maabara inayoizuia TNF, protini inayochochea uvimbe. Marekani iliruhusu etanercept mwaka 1998, na infliximab kwa maradhi haya mwaka 1999. Huko Osaka, Japani, Tadamitsu Kishimoto alikuwa akimwandama mchochezi mwingine, interlukini-6, ambaye jeni yake kundi lake liliitambua mwaka 1986. Kazi hiyo ikazaa tocilizumab, iliyoruhusiwa kwa baridi yabisi nchini Japani mwaka 2008 na Marekani mwaka 2010.

Wagonjwa wengi wakapata nafuu, lakini vipimo vya damu vikazua hofu. Lehemu ilipanda, hasa kwa tocilizumab. Je, tunaponya vidole na kuua moyo?

Swali hilo lilikuwa halali, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka lijibiwe. Wagonjwa 3,080 waligawanywa kwa kura: nusu wapewe tocilizumab, nusu etanercept. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kufikia wiki ya nne, lehemu mbaya ya kundi la tocilizumab ilikuwa juu kwa takriban asilimia 11 kuliko ya wenzao. Lakini waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi, au kufa kwa maradhi hayo walikuwa 83 upande wa tocilizumab na 78 upande wa pili. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

Kwa nini? Uvimbe unapowaka, mwili huiondoa lehemu katika damu upesi kuliko kawaida. Moto ukizimwa, lehemu hurudi. Ile namba ndogo ya awali haikuwa afya. Ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Sisemi mafuta yapuuzwe, la hasha. Mgonjwa apimwe tena wiki chache baada ya kuanza dawa, na ikibidi apewe dawa ya kushusha lehemu. Lakini asiitupe sindano yake kwa kutishwa na karatasi ya maabara. Aipeleke kwa daktari, aulize: namba hii imetoka wapi?