Poa sio ya Wazungu

Wadau, mambo vipi? Najua mmejibu "poa". Leo tuongelee hilo jibu, maana hapa chuo kuna washkaji wanashikilia kwamba tumetafsiri tu "cool" ya Kiingereza.

Kweli yanafanana. Cool nayo ilianza na ubaridi kidogo, ikawa utulivu, mwisho ikawa "safi sana". Maana hiyo ya mwisho ilivuma kupitia wanamuziki weusi wa jazi kule Marekani. Mpiga saksofoni Lester Young anatajwa sana, na mwaka 1957 ikatoka albamu ya Miles Davis, Birth of the Cool. Inawezekana vijana wetu wa mjini waliiga mikogo. Ila neno lenyewe ni la kwetu, tena la zamani mno.

Tuje Katavi. Kwa Kiswahili uji unapoa, homa inapoa, hata ugomvi unapoa. Sasa msalimie Msukuma aliyehamia Mpanda na ng'ombe wake, atakujibu "mhola", yaani kwema. Nenda Katumba kwa wenye asili ya Burundi, utasikia "amahoro", yaani amani. Kwa Kirundi "guhora" ni kupoa kwa chakula, pia ni kutulia.

Mnaona kama nalazimisha? Angalieni: kupa kwao ni guha, kwa hiyo p yetu ni h yao. Njaa kwao ni inzara, kwa hiyo pale Kiswahili kilipoangusha l, wao wana r. Poa na hora ni ndugu wa damu. Wataalamu wa Kibantu mzizi huo wanauandika -pod-, na maana zake ni kupoa na kupona.

Kwa nini nang'ang'ania? Watu wa Katumba walikimbia mauaji ya mwaka 1972. Waliitwa wakimbizi miaka 40 na zaidi, hadi mwaka 2014 ambapo Warundi wapatao 162,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania. Bado wapo wanaowaita wageni, wakati salamu yao na jibu letu vimetoka chungu kimoja.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, ukipangiwa BTP huko na mtoto akakosea Kiswahili, usimcheke. Muulize kwao chakula kikipoa wanasemaje, halafu anzia hapo kufundisha.

Haya, tuwe poa.