Unachagua kozi? Mambo 4 ya kuangalia ili kibarua kisiote nyasi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali nyumbani huwa moja: kijana akasome nini? Kwa familia nyingi za Tanzania, ada ya miaka mitatu ni shamba lililouzwa au mkopo wa vikoba. Kozi ikikosewa, hela hairudi.

Anayeanza kazi na miaka 22 ana miaka 38 mbele yake kabla ya kufika 60, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini. Katika muda huo kampuni inaweza kufungwa, mradi ukaisha, mashine ikachukua kazi. Ndiyo maana usalama wa kazi unategemea zaidi ujuzi wa mtu kuliko jina la ofisi.

Haya ndiyo ya kuangalia.

1. Mahitaji siyo nafasi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na idadi inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Wote hao wanahitaji walimu na wauguzi. Hata hivyo, walimu wengi wa masomo ya sanaa wamehitimu na bado wanasota mtaani, huku shule zikilia uhaba wa walimu wa hisabati na fizikia.

Sababu ni kwamba mwajiri mkubwa wa walimu ni serikali, nayo huajiri kwa bajeti na vibali. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama kazi inahitajika. Uliza pia nani analipa mshahara, na anaajiri mara ngapi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husomwa bure mtandaoni. Yapitie ya miezi kadhaa uone fani zipi zinajirudia.

2. Leseni inakulinda

Kazi ambayo sheria inataka usajili haivamiwi na kila mtu. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi wa kufunga umeme majumbani anahitaji leseni ya EWURA. Mwenye leseni akipoteza kazi leo, kesho anaweza kubisha hodi kwingine, au akajitegemea.

3. Waajiri wawe zaidi ya mmoja

Mhasibu anahitajika benki, hospitali, shuleni na kwenye halmashauri. Fundi bomba anaitwa hotelini, kiwandani na nyumba kwa nyumba. Lakini kozi inayotegemea mwajiri mmoja tu inakuweka pabaya: akisitisha ajira, hakuna pa kukimbilia. Aliyejiajiri naye asisahau uzee, kwani anaweza kujichangia NSSF.

4. Je, kazi itabadilika vipi?

Kuna kazi zinazokufa, kama ile ya kupiga chapa kwa mashine za zamani. Nyingi zaidi hubadilika tu. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Reli bado inataka mafundi, ila aliyezoea injini ya dizeli pekee inabidi arudi darasani. Chagua fani ambayo uko tayari kuendelea kuisoma hata ukiwa na miaka 40.

Kabla ya kulipa ada

Hakikisha chuo cha kati au cha ufundi kinatambuliwa na NACTVET, na kozi ya chuo kikuu imeidhinishwa na TCU. Cheti cha chuo kisichotambuliwa hakikufikishi popote.

Kisha tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita. Waulize wako wapi sasa, na walisubiri muda gani kupata kazi. Wote watatu wakikwambia bado wanasubiri, una jibu lako kabla shamba halijauzwa.