Mpunga, Mchele, Wali: Nani Aliyeanzisha Jambalaya?

Jambalaya ni wali wa Wakrioli wa Louisiana, kusini mwa Marekani. Hupikwa katika masufuria makubwa ya kulisha umati, lakini hata mwanafunzi wa hosteli anaweza kujipikia sahani moja. Atahitaji nusu kikombe cha mchele, kikombe kimoja cha supu, nyanya moja, soseji moja, kamba wachache, na vipande vidogo vya kitunguu, pilipili hoho na seleri. Hukaanga soseji, hutia mboga mpaka zilainike, kisha nyanya, mchele na supu, halafu hufunika na kuacha kwenye moto mdogo kwa takriban dakika 20. Kamba hutiwa mwishoni kwa kuwa huiva upesi. Anayejua pilau ataitambua njia hii: mchele huivia ndani ya mchuzi wake.

Je, chakula hiki ni cha nani? Maelezo mengi ya mapishi husema ni paella ya Wahispania, ambao walipewa Louisiana katika miaka ya 1760; eti walipokosa zafarani wakatumia nyanya. Wengine huwataja Wafaransa, walioanzisha mji wa New Orleans mwaka 1718, na kulihusisha jina la chakula na lugha ya Provence. Insha hii inadai kwamba majibu hayo yana kasoro moja: yanaanza na sufuria ikiwa tayari jikoni. Kiswahili kinatusaidia kuliona pengo hilo, kwa sababu tunatofautisha mpunga, mchele na wali, ilhali Wafaransa na Wahispania hutumia neno moja kwa vyote vitatu.

Tuanze na mpunga. Meli za kwanza za Wafaransa zilizopeleka mateka wa Kiafrika Louisiana zilifika mwaka 1719. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu Waafrika wa Louisiana ya kikoloni, anaeleza kwamba manahodha waliagizwa wanunue pia mapipa ya mpunga wa mbegu, pamoja na watu wanaojua kuulima. Wengi wa Waafrika walioletwa enzi za Wafaransa walitoka Senegambia. Huko Afrika Magharibi wakulima walikuwa na mpunga wao wenyewe, tofauti na ule wa Asia, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika.

Kisha mchele. Sisi hununua nusu kilo dukani ikiwa imekobolewa na mashine, kwa hiyo ni rahisi kusahau kazi iliyopo kati ya shamba na sufuria. Kabla ya mashine, mpunga ulitwangwa kwa kinu na mchi, ukapepetwa kwa ungo. Judith Carney, katika kitabu cha Black Rice cha mwaka 2001, anasema kwamba ujuzi wa kulima, kutwanga na kupika ulivuka Atlantiki pamoja na Waafrika, hasa wanawake.

Hoja hii ina wapinzani. Mwaka 2007 David Eltis, Philip Morgan na David Richardson walichunguza takwimu za safari za meli za watumwa. Walihitimisha kwamba mchango wa Waafrika katika kilimo cha mpunga Amerika umetiwa chumvi, na kwamba wanunuzi hawakuchagua watu kwa ujuzi huo kama inavyodaiwa. Pingamizi hilo ni zito, na linatuonya tusiruke kutoka kwenye kufanana hadi kwenye asili. Kwa mfano, jambalaya inafanana na ceebu jën ya Senegal, wali wa samaki wenye nyanya. Lakini nyanya yenyewe ni zao la Amerika, hivyo kufanana huko peke yake hakuthibitishi nani alimfundisha nani.

Hata hivyo, mjadala huo ulihusu zaidi Carolina Kusini na maeneo mengine ya Amerika yaliyolima mpunga kwa ajili ya soko. Kwa Louisiana, dai langu ni dogo na lina ushahidi wa maandishi: waliopanga safari zile walijua kwamba mpunga ulihitaji wajuzi, na wakaagiza wakatafutwe Afrika. Hatuwezi kumtaja mpishi wa kwanza wa jambalaya. Tunaweza kusema mbegu na mikono viliagizwa kutoka wapi.

Tofauti hiyo si ndogo. Tukiiita jambalaya paella iliyokosa zafarani, tunamkumbuka mtawala na hamu yake ya chakula cha kwao, na aliyelima na kutwanga anabaki nje ya historia kwa mara ya pili. Wahispania na Wafaransa wana nafasi yao katika sufuria hii, lakini nafasi hiyo inaanza kwenye wali. Historia ya jambalaya inapaswa kuanza kwenye mpunga.