Kichwa Hakina Spea

"Wewe dada! Hapo nyuma hakupitwi!"

Saisi alikuwa ameshanivuta mkono kabla sijajua nimekosa nini. Nilikuwa namzunguka farasi wake nitafute selfi yenye mwanga mzuri, na njia ya mkato ilipita mkiani. Ilikuwa Jumapili, katika bustani moja hapa Nairobi, pale unapolipa kidogo, unapandishwa, unazungushwa raundi mbili, unashuka na picha. Kisha akaninyooshea helmeti. Nikakataa. Nywele nilikuwa nimesukwa juzi yake, saa sita nzima nimekalia stuli.

"Basi hupandi," akasema. "Kichwa hakina spea."

Nilinuna. Nilisomea historia mihula minne kabla karo haijanishinda, na nilitoka huko na tabia moja tu: nikigombezwa, naenda kusoma. Kumbe onyo la yule saisi lina zaidi ya miaka elfu mbili.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanajeshi Mgiriki aitwaye Xenophon aliandika kitabu kizima kuhusu kupanda farasi. Wagiriki wa wakati huo hawakuwa na vikuku vya kukanyagia miguu, kwa hivyo kuanguka walikujua vizuri. Anashauri umkaribie farasi kwa ubavu, kwa sababu mbele na nyuma ndiko anakokuzidi. Anasema usimwendee ukiwa na hasira, maana hasira haioni mbali. Na farasi akiogopa kitu, usimpige. Ukimpiga ataamini kwamba kile kitu ndicho kilichomuumiza, na kesho ataogopa zaidi.

Sababu iko machoni mwake. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, kwa hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya pua na nyingine nyuma ya mkia. Mababu zake waliwindwa. Kinachotembea pale asipoona, kwake ni mnyama mkali mpaka ihakikishwe vingine, na jibu lake ni teke. Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi. Mimi na selfi yangu tulikuwa tumesimama palepale.

Plutarch naye anasimulia kuhusu Alexander, kabla hajawa mfalme, na farasi Bucephalus aliyewashinda watu wote wa baba yake. Wengine waliona ukaidi. Kijana aliona kwamba farasi anaogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza alitazame jua, kisha akampanda.

Kwa hiyo kumwelewa farasi, watu walijifunza mapema. Kilichochelewa ni kujilinda sisi wenyewe, na nadhani kilichotuchelewesha ni urembo.

Kwa miaka mingi Ulaya, aliyepanda farasi alivaa kofia ya kuonyesha yeye ni nani. Mwaka 1923, Kapteni Tuppy Bennet alishinda Grand National, mbio maarufu za kuruka viunzi huko Uingereza, akiwa juu ya farasi Sergeant Murphy. Mwishoni mwa mwaka uo huo alianguka katika mbio nyingine, farasi akampiga teke la kichwa. Hakuamka tena. Alifariki Januari 1924, na baada ya kifo chake helmeti zikawa lazima katika mbio hizo.

Ungedhani wote walisikia. Wapi! Katika yale mashindano ambayo farasi hupiga hatua kama anacheza dansi, wapandaji wakubwa waliendelea na kofia ndefu nyeusi, na helmeti ikaonekana kitu cha wanafunzi. Mwaka 2010 Mmarekani Courtney King-Dye, aliyekuwa ameshiriki Olimpiki ya 2008, alikuwa kwenye mazoezi ya kawaida bila helmeti. Farasi akajikwaa, wakaanguka, naye akapoteza fahamu kwa wiki kadhaa. Alipopata nafuu aligeuka mtetezi wa helmeti. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, Charlotte Dujardin alishinda dhahabu amevaa helmeti, na hakuna alama aliyonyimwa kwa hilo. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi 2021 ndipo shirikisho la kimataifa lilipoifanya kuwa lazima kwa kila mpandaji.

Kutoka 1924 hadi 2021. Hesabu mwenyewe.

Tusidanganyane pia, helmeti si hirizi. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman, alikuwa ameivaa mwaka 1995 farasi wake aliposimama ghafla mbele ya kiunzi. Alianguka kwa kichwa, shingo ikavunjika, akapooza. Ndiyo maana orodha ya saisi haiishii kichwani: viatu vyenye kisigino, mguu usije ukapenya kwenye kikuku ukaburutwa, hatamu usizizungushe mkononi, ongea unapomkaribia, ajue uko wapi. Kila sharti hapo kuna mtu aliumia ndipo likapatikana.

Nami nilitaka kichwa kizima na nywele zisizoguswa. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Nilikuja kwa ubavu, nikamsalimia saisi, nikamsalimia farasi, nikafunga rasta nyuma na kuvaa ile helmeti bila kuambiwa. Picha zilitoka mbaya sana.

Jioni, stejini, mtu wa boda alinipa helmeti ya abiria, ile ambayo siku zote huwa naishika mkononi kama kikapu. Ilinuka jasho la watu kumi. Nikaivaa.