Waziri kabla ya kura: Sophie Kanza na sisi wanafunzi wa leo

Nilipokuwa G2, siku moja tulikuwa tunachagua CP wa promosyo yetu. Nikanyanyua mkono, nikasema nataka kugombea. Kijana mmoja, rafiki yangu kabisa, akasimama mbele ya oditwari nzima akasema: "Dada, weye unaandika muzuri, utakuwa sekretere wetu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi pia nikacheka. Nikawa sekretere.

Sikukasirika siku ile. Nilikuja kukasirika baadaye, nilipoanza kusoma historia ya wanafunzi wa nchi yetu na kukuta kwamba kicheko kile ni cha zamani kuliko mimi. Ndugu zangu, dada zangu, leo nataka tuzungumze juu ya historia hiyo, sababu wengi wetu tunaijua nusu tu.

Tuanze na nyumba moja ya Léopoldville, nyumba ya mzee Daniel Kanza, mwanasiasa wa Abako aliyekuwa bourgmestre wa kwanza wa mji ule. Mtoto wake wa kiume, Thomas, alimaliza masomo ya chuo kikuu kule Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Binti yake, Sophie, aliyezaliwa 1940, alimaliza sekondari mwaka 1961 tu, na bado akahesabiwa Mkongomani mwanamke wa kwanza kufika pale. Mwaka 1964 akawa pia mwanamke wa kwanza wa nchi hii kupata shahada ya chuo kikuu, katika sosiolojia. Nyumba ni moja, baba ni mmoja, lakini kati ya kaka na dada ni miaka nane.

Si kwamba wasichana hawakuwa na akili. Shule za wakoloni na za misioni ziliwapangia njia nyingine. Mvulana alitayarishwa kuwa karani, mwalimu, padri, msaidizi wa daktari. Msichana alifundishwa kushona, kupika, kulea mtoto na kutunza nyumba ya huyo karani. Kwa hiyo Lovanium ilipofunguliwa 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville kikafuata 1956, mlango ulikuwa wazi kwa wote kwenye karatasi, lakini msichana angeupitia namna gani kama sekondari yenyewe hakuipewa? Tulipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika, na kati yao hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Na katika uchaguzi wa mwezi wa tano mwaka ule, uchaguzi uliomleta Lumumba, ni wanaume tu waliopiga kura.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi lilinishangaza. Tarehe 31 Oktoba 1966, Mobutu alimteua Sophie Kanza kuwa waziri. Alikuwa na miaka 26, umri wa wengi wetu tunaotafuta kazi ya kwanza. Lakini haki ya mwanamke kupiga kura iliandikwa katika Katiba ya mwaka 1967. Maana yake nini? Nchi ilikuwa na waziri mwanamke kabla mwanamke hajawa mpiga kura. Na wizara aliyopewa ilikuwa ipi? Mambo ya Jamii. Nilipofika hapo nikakumbuka usekretere wangu.

Simdharau Mama Sophie, hapana. Alifanya kazi, akaenda kusoma hadi Harvard, na bila yeye wasichana wengi wasingejua kama inawezekana. Ninachosema ni kwamba cheo kilichotoka juu kinaweza kukaa juu tu, kisishuke kwa wengine. Ili kishuke, wahusika wenyewe wanapaswa kuwa na nguvu ya kudai. Na nguvu hiyo, miaka ileile, ilikuwa inavunjwa.

Wanafunzi walikuwa na umoja wao, UGEC, uliozaliwa 1961. Walibishana juu ya siasa, juu ya Lumumba, juu ya nani aongoze chuo kikuu. Mwaka 1968 serikali ikaupiga marufuku, na vijana wakatakiwa kuimba wimbo mmoja ndani ya JMPR, vijana wa chama kimoja. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium wakaandamana Kinshasa kudai burse na hali nzuri ya maisha. Jeshi likawapiga risasi, makumi wakafa. Mwaka 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu hao, chuo kikafungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huohuo vyuo vyote vikaunganishwa kuwa kimoja cha Leta, UNAZA.

Mtu anaweza kuuliza: hayo yanahusu nini na usawa wa mwanamke? Yanahusu sana. Dada wachache waliokuwa wameingia chuo kikuu walikosa mahali huru pa kukutana, kuandika, kupinga. Ndiyo sababu mkono uleule uliomteua waziri mwanamke uliweza pia kumwambia mwanamke avae nini. Wakati wa "authenticité", sketi fupi, suruali na nywele za bandia zikakatazwa kwa wanawake, kikwembe kikawa amri. Nani angesimama oditwari kusema hapana?

Halafu ikaja Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Sheria ile ilisema bwana ndiye kichwa cha nyumba na bibi anapaswa kumtii. Ilisema mwanamke aliyeolewa hawezi kufanya tendo la kisheria linalomfunga bila ruhusa ya bwana yake. Msichana aliweza kuolewa na miaka 15, mvulana alingoja 18. Hebu fikirini: miaka zaidi ya 20 baada ya nchi kuwa na waziri mwanamke, mwanamke mwenye shahada alihitaji sahihi ya bwana.

Hili sikulisoma kitabuni tu. Mama yangu ni mwalimu wa sekondari, ana lisanse, na mshahara wake ndio uliotusomesha baba alipokosa kazi. Siku alipokwenda kuomba mkopo mdogo aongeze chumba nyumbani, aliambiwa: "Mama, leta kwanza barua ya bwana yako." Papa aliandika barua hiyo kwa aibu, sababu alijua nani analipa minerval ya watoto. Mama hakusema neno. Aliikunja barua, akaiweka ndani ya mkoba, akaenda.

Ruhusa hiyo ya bwana iliondolewa tarehe 15 Julai 2016, na umri wa kuoa na kuolewa ukawa 18 kwa wote. Ila bwana alibaki kichwa cha nyumba. Kabla ya hapo, Katiba ya 2006 katika kifungu cha 14 iliahidi usawa wa idadi kati ya wanaume na wanawake katika uongozi, na sheria ya 2015 ikarudia. Lakini sheria ya uchaguzi ya 2006 ilisema orodha ya chama haiwezi kukataliwa eti kwa sababu haina wanawake. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu hawakukaa kimya. Huku Kivu, wanawake wa Rien Sans Les Femmes walikusanya sahihi kupinga jambo hilo. Huko Goma, Rebecca Kabugho wa LUCHA alifungwa mwaka 2016 pamoja na wenzake kwa kutayarisha siku ya mji kukaa kimya. Na mwaka 2024 tukapata Waziri Mkuu mwanamke wa kwanza, Judith Suminwa.

Je, tumefika? Rudini kwenye chuo mlichosoma. Wote mnajua zile pointi tunazoziita kwa mzaha "zinazoambukizwa kwa njia ya ngono." Tunacheka. Kuna rafiki yangu aliacha masomo mwaka wa mwisho juu ya kozi moja na mwalimu mmoja. Hakusema popote. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu mwenye kumsumbua mtu ili apate ngono, kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Lakini kesi hiyo inangoja mwenye kuumizwa alalamike kwanza. Msichana mmoja, peke yake, mbele ya profeseri anayeshika pointi zake: atalalamika namna gani?

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Mtu wa kwanza tumeshampata tangu 1964, na sheria tunazo. Kinachokosekana ni wa pili, wa kumi, wa mia, waliosimama pamoja, wanaume wakiwemo. Mwaka wangu wa mwisho, sisi wasichana 11 na wavulana 4 tuliandika barua moja kwa uongozi wa fakulti: mwanafunzi aoneshwe kopi yake ya mtihani akiomba, na asiitwe peke yake nyumbani kwa mwalimu kwa jambo la masomo. Tuliandika majina yote 15 kwa duara ili asijulikane nani alianza. La kwanza lilikubaliwa. La pili bado tunangoja jibu.

Rafiki yangu yule aliyenifanya sekretere alikuwa mmoja wa wale wavulana 4. Nilipompa kalamu nilimwambia: "Leo weye ndiye utaandika." Akaandika, na mwandiko wake ni mubaya kweli.

Mwaka huu mpya wa masomo, promosyo zitachagua tena ma-CP. Kama kuna dada atanyanyua mkono, msimcheke. Na weye dada, usicheke nao kama mimi nilivyocheka.