Pearl, Mbuzi na Hawk: mashabiki wasiosahau

Wengi wetu huku Bongo tuliijua ligi ya vyuo vya Marekani kwa sababu ya mtu mmoja tu, Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 mpaka 2009, halafu akachaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka huohuo wa 2009. Bila yeye nisingejua Big East ni mdudu gani. Mechi ya Machi 2009 kati ya Connecticut na Syracuse pale Madison Square Garden nimeitazama marudio yake mara nyingi mno. Vipindi sita vya nyongeza! Syracuse wakashinda 127 kwa 117, na kwa saa za kwetu ilikuwa kumeshakucha, watu wako kwenye daladala wanakwenda kazini.

Sasa, ukitaka kumjua adui yako, wasikilize mashabiki wake. Nilidhani mashabiki wa Syracuse wakianza kusimulia historia yao wataanzia usiku ule. Wapi! Wale wenye mvi wanaanza miaka 25 nyuma yake, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwapa ubingwa wa taifa, hakuwahi kuwapa hata kombe la Big East, na ambaye NBA alidumu misimu mitatu tu. Wanaanzia kwa Pearl.

Jina lake la shule ni Dwayne Washington. Alizaliwa 1964 na kukulia Brownsville, Brooklyn, moja ya sehemu ngumu kabisa za jiji la New York. Jina la Pearl, yaani lulu, alipewa uwanja wa mtaani akiwa na miaka kama minane, kwa kufananishwa na Earl "The Pearl" Monroe, fundi wa chenga aliyekuwa New York Knicks wakati huo. Hebu fikiria, mtoto wa darasa la pili au la tatu anapewa jina la mtu mzima wa NBA, na jina linashika mpaka kaburini. Mtaani majina ya namna hiyo hayagawiwi bure, ukijipachika mwenyewe utachekwa mpaka uhame.

Na hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa mnene mnene hivi, si mrefu kwa vipimo vya mchezo huo, wala hakuwa mtu wa kuruka juu. Silaha yake ilikuwa mikono na kiuno. Anakuja na mpira anaudunda taratibu kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, beki anajiandaa, Pearl anasita nusu sekunde, beki anahamisha uzito wa mwili, na hapohapo mwenzake ameshapita. Hicho kitu hakikutoka kwenye ubao wa kocha. Kilitoka kwenye viwanja vya lami ambako mshindi anabaki ndani na aliyefungwa anatoka kwenda kupanga foleni, kwa hiyo kila mpira una maana.

Mwaka 1983, akitokea sekondari ya Boys and Girls pale Brooklyn, alikwenda Syracuse. Ni kilomita kama 400 kutoka kwao, mji wa theluji. Ligi ya Big East ilikuwa imeanzishwa 1979, na ukumbi wa Syracuse ulioitwa Carrier Dome ulifunguliwa 1980, unaingiza watu zaidi ya 30,000 kwenye kikapu. Ligi mpya, ukumbi mpya, viti vingi vya kujaza. Wakaletewa mtoto wa Brownsville.

Tarehe 21 Januari 1984 Syracuse walikuwa nyumbani na Boston College, ubao unasoma 73 kwa 73, zimebaki sekunde chache. Boston College wanakosa mpira wa adhabu, Syracuse wanaudaka, anapewa Pearl. Anapiga hatua chache, anafika katikati ya uwanja na kuuachia. Umeingia! 75 kwa 73. Mstari wa pointi tatu ulikuwa bado haujaanza kutumika nchi nzima kwenye vyuo (ulikuja msimu wa 1986-87), kwa hiyo kombora lile la nusu uwanja lilihesabiwa pointi mbili, sawa na mtu aliyetumbukiza akiwa chini ya kikapu.

Lakini ukiwauliza mashabiki, mara nyingi hawaanzi na mpira. Wanaanza na miguu. Pearl hakusimama kushangilia wala hakusubiri kukumbatiwa. Alipouachia mpira aliendelea na safari yake mbele moja kwa moja, akapita chini ya kikapu kilekile, akaingia vyumbani na kuwaacha watu 30,000 wamechanganyikiwa. Wachezaji wenzake wakabaki wanatafuta mtu wa kumrukia. Mimi nimeitazama picha hiyo mara nyingi na kila mara nacheka, maana ndivyo watu wanavyofanya mtaani. Ukifunga la ushindi, unaondoka. Kukaa kushangilia ni kukiri kwamba na wewe ulishangaa.

Tukifuata vitabu, hadithi inapoa haraka. Misimu mitatu chuoni, wastani wa pointi 15.6 na pasi za kufunga 6.7 kwa mechi. Fainali ya Big East ya 1984 walipoteza mbele ya Georgetown katika muda wa nyongeza. Ya 1986 walipoteza kwa St. John's kwa pointi moja, 70 kwa 69, na shuti la mwisho la Pearl lilizuiwa na Walter Berry. Pamoja na kufungwa, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano! Siku chache baadaye wakatolewa kwenye mashindano ya taifa na Navy ya David Robinson, tena ndani ya ukumbi wao wenyewe. Akaondoka kwenda NBA, akachaguliwa wa 13 na New Jersey Nets, akacheza huko misimu miwili, akamalizia mmoja Miami Heat mwaka 1989. Basi. Mtu asiyemjua akisoma mistari hiyo atasema huyu alikuwa mchezaji wa kawaida, na hatakuwa amekosea kusoma.

Hapo ndipo penye ubishi wangu. Sisi waandishi tumefundishwa kwamba namba hazidanganyi na kumbukumbu hudanganya. Kwa nini basi maelfu ya watu wazima wenye akili zao wamshike Pearl na wawaache wengine waliofunga pointi nyingi kuliko yeye? Ili nilielewe ilibidi nirudi mtaani, maana tabia ya kumpima mchezaji kwa sekunde chache alizowaacha watu midomo wazi haikuzaliwa vyuoni. Vyuo viliipokea pamoja na vijana wenyewe kutoka viwanja vya New York.

Uwanja wenye jina kubwa kuliko vyote uko Harlem, mtaa wa 155 na Frederick Douglass Boulevard, mkabala na majengo marefu yaliyojengwa pale ulipokuwa uwanja wa besiboli wa Polo Grounds. Unaitwa Rucker Park tangu 1974, kwa heshima ya Holcombe Rucker, mfanyakazi wa idara ya viwanja ya jiji ambaye alianzisha mashindano ya vijana miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Rucker alikuwa mkali wa shule. Alitaka kuona ripoti ya mtoto kabla ya kuona anavyocheza, na mamia ya vijana walipata nafasi za vyuo kupitia mkono wake. Alifariki 1965 kwa saratani, hata miaka 40 hajafikisha. Mashindano yakaendelea, yakawavuta wachezaji wa NBA kama Wilt Chamberlain kuja kupambana na vijana wa mtaa, watu wamepanda uzio, wamepanda miti, wengine juu ya mapaa.

Mechi zile hazikuandikwa takwimu za kuaminika wala televisheni haikuwepo. Waliokuwa juu ya mti ndio walikuwa gazeti, redio na makumbusho kwa pamoja. Na gazeti la juu ya mti lina matatizo yake!

Mfano ni Earl Manigault. Jina lake la ukoo lilipotoshwa kwenye kutamkwa likaishia kuwa "Goat", mbuzi. Wanasema alikuwa akiruka na kuokota sarafu juu ya ubao wa kikapu. Mimi nilichukua kikokotoo. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, na ukingo wa juu wa ubao unakaribia mita 4. Manigault alikuwa na kama mita 1.85. Hata ukimnyooshea mikono yote, angehitaji kuruka karibu mita moja na nusu. Nisameheni wazee wa Harlem, siamini. Lakini kwamba palikuwa na mtu pale aliyewafanya waone kitu ambacho maneno ya kawaida yalishindwa kukibeba, hilo naliamini. Chuo alikwenda kweli, Johnson C. Smith huko North Carolina, akadumu muda mfupi. Akarudi Harlem, akaingia kwenye heroini, akafungwa jela. Baadaye aliacha unga na kuendesha mashindano ya watoto kwenye uwanja wa mtaa wa 98 na Amsterdam Avenue, ambao watu wanauita Goat Park hadi leo. Alifariki 1998. NBA hakucheza hata dakika moja, lakini ukitaja mabingwa wa mtaani New York bila kumtaja yeye, hutamaliza sentensi.

Kwa hiyo mashabiki ni mashahidi wabovu? Ningesema hivyo kama isingekuwa Connie Hawkins.

Huyu wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, aliyezaliwa 1942, waliomwona viwanjani walisema mikono yake inashika mpira kama sisi tunavyoshika chungwa. Mwaka 1960 akaenda Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka uliofuata ikalipuka kashfa ya kupanga matokeo, kinara wake akiwa Jack Molinas, na jina la Hawkins likatajwa. Kosa? Aliwahi kukopa dola 200 kwa Molinas, na kaka yake alikuwa ameshazirudisha. Wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Yaani kijana huyu alituhumiwa kuhusika na kuharibu mechi wakati hakuwa amecheza hata moja! Hakushtakiwa mahakamani. Iowa ikamwondoa, NBA ikamfungia mlango.

Miaka minane. Akazunguka na Harlem Globetrotters, akacheza ligi ndogo, akawa mchezaji bora na bingwa wa msimu wa kwanza wa ligi ya ABA akiwa na Pittsburgh mwaka 1968. Rekodi rasmi ilisema ni mchafu. Waliomjua Brooklyn walisema ni msafi, tena ni bora kuliko wengi walioko ndani. Wakati kesi yake dhidi ya NBA ikiendelea, mwandishi mmoja, David Wolf, alifukua jambo lile upya na kuandika katika jarida la Life mwaka 1969, akionyesha jinsi ushahidi ulivyokuwa hewa. Mwaka huohuo NBA ikakubali yaishe. Hawkins akaingia Phoenix Suns akiwa na miaka 27, magoti yameshachoka, na bado akawekwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha NBA msimu wake wa kwanza. Mwaka 1992 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo. Kwa miaka minane yote walio juu ya mti walikuwa sahihi na makaratasi yalikuwa yamekosea. Nikiwa mwandishi, hadithi hii hunisumbua zaidi ya ile ya sarafu.

Turudi Syracuse. Mwaka 1996 chuo kiliistaafisha jezi namba 31 ya Pearl, mtu wa misimu mitatu isiyo na kombe. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumwandama, uvimbe kwenye ubongo, na mwaka 2015 ukarudi kwa nguvu. Msimu wa 2015-16 wachezaji wa Syracuse walipasha misuli wakiwa na fulana zenye jina Pearl na namba yake. Walikuwa wameingia mashindano ya taifa kwa kubahatisha, wamepangwa nafasi ya 10 katika kundi lao, wakafika nusu fainali Houston, ambako North Carolina waliwatoa tarehe 2 Aprili.

Pearl alifariki tarehe 20 Aprili 2016, akiwa na miaka 52. Katika vijana wale wa fulana hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa siku ile alipopiga lile la nusu uwanja na kuondoka zake vyumbani.