Chuo Kilichopita Hewani: Elimu ya Kompyuta kwa Masafa Barani Afrika

Elimu masafa, yaani ufundishaji ambao mwalimu na mwanafunzi hawakutani darasani, ilizoeleka Afrika Mashariki kwa njia ya posta na redio muda mrefu kabla ya intaneti, na Tanzania iliipa hadhi ya chuo kikuu kamili ilipoanzisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992. Somo la kompyuta, hata hivyo, halikutosha kwenye bahasha.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia, kwa wazo la mtumishi wake Mrundi, Étienne Baranshamaje, ilianzisha African Virtual University, ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na jina hilo lenye kunukia upepo linasadifu ajabu, kwa kuwa masomo yake yalipita hewani kweli: mihadhara ilirushwa kutoka Amerika Kaskazini na Ulaya hadi kwenye setelaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, ikanaswa na madishi ya vyuo shiriki, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wanafunzi wakauliza maswali kwa simu, faksi au baruapepe.

Ugumu ulianzia hapo. Mhadhara wa historia waweza kusikilizwa tu, lakini uandishi wa programu, yaani kuipangia kompyuta amri hatua kwa hatua, hujifunzwa kwa vidole. Katika baadhi ya lugha za programu, nukta-mkato moja ikisahaulika mwishoni mwa mstari, programu nzima hugoma, na mhadhiri aliye ng'ambo hakioni kioo cha aliyekwama. Mzigo huo ulimwangukia msaidizi wa darasa aliyekuwapo chuoni, ambaye kwa haki ndiye aliyefundisha, ingawa sifa zilikwenda kwa dishi.

Makao makuu ya chuo hicho pepe yalihamia Nairobi mwaka 2002, na masomo ya sayansi ya kompyuta yakatolewa kwa ushirikiano na vyuo vikuu viwili, RMIT cha Australia kwa Kiingereza na Laval cha Kanada kwa Kifaransa. Mkongo wa SEACOM, yaani waya wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari, ulipoanza kazi Julai 2009 ukipitia Mombasa na Dar es Salaam, ulazima wa kupandisha kila neno angani ulipungua. Badiliko zito zaidi lilikuwa la kalamu: wahadhiri wa vyuo vya Afrika waliandika moduli zao wenyewe, zikatolewa bure kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, ijapokuwa ofisi zilikuwa Nairobi.